Mafundo kwenye Msumari

Kwenye mlango wa depo yangu hapa Kasongo kuna msumari mkubwa. Aliyeupigilia alinitangulia kazini, na sijui alitaka kutundika nini. Siku patro, mwenye depo, aliponipa funguo niliukuta umejaa vipande vya mpira mweusi vilivyofungwa mafundo, nikasema uchafu gani huu, nikanyoosha mkono nivitupe. Wapakizi wakanicheka, mmoja akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mama, wakaniambia, ukitupa hiyo umetutupa sisi wote. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwafokea kwanza, halafu ndipo nikauliza.

Depo yetu inanunua mchele, karanga na mafuta ya mawese kule Wamaza, na inapeleka vitu Salamabila kwa wachimba dhahabu. Kila kitu kinakwenda kwa pikipiki. Dereva wa pikipiki, ambaye sisi tunamwita motari, hufunga mzigo wake kwa mishipi inayochanwa kutoka mipira ya ndani ya magurudumu. Sasa, akishavuka salama mto ulio mbele ya Wamaza, anakata kipande cha mshipi, anapiga fundo, anampa motari wa kwanza atakayekutana naye anarudi huku. Huyo akifika Kasongo anakitundika kwenye msumari wangu. Fundo moja maana yake nimepita, njia ni nzuri. Mafundo mawili maana yake njia imeharibika, musitume mutu. Basi. Hakuna aliyekuwa anauliza zaidi.

Utasema, na simu je? Rezo, yaani mtandao wa simu, ya kule ni kama mgonjwa wa malaria, leo anainuka, kesho amelala. Tena simu ina masikio mengi. Kwenye njia ile mtu hatangazi kwa sauti anakwenda wapi na amebeba nini, na mpira kwenye msumari haumwambii mpita njia kitu.

Kila motari alikuwa na mkono wake. Ukizoea, unajua fundo hili ni la nani kabla hujaambiwa. Mafundo ya mudogo wangu yalikuwa yamegeuka upande, kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto. Tangu utoto, kila alichokifunga yeye mama alikifungua kwa meno. Ndiye mtoto wa mwisho wa mama yetu. Wengine tumewazika, tulibaki yeye na mimi, na mama hakuwa na neno lingine mdomoni ila mumuchunge huyu. Nilimchunga. Kila alipokuwa njiani nilikuwa napita mlangoni bila kazi, naangalia msumari, na nikiona fundo lililogeuka moyo wangu unashuka mahali pake. Yeye alijua. Akirudi ananiuliza, "Yaya," ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "leo nani amekukosea, nimupelekee pole?"

Patro wetu anakaa Bukavu. Ni mtu wa haki katika mambo mengi, sitamsema zaidi ya anavyostahili. Lakini mtu akikaa mbali na mali yake anaota ndoto mbaya, na patro aliota kwamba pikipiki zake zinalala vichakani. Akaamua tuingie katika teknolojia. Kwanza akanilazimisha niende kwenye formasyo, yaani mafunzo, ya wakubwa wa biashara iliyofanyika katika ukumbi wa parokia. Nilikwenda nimenuna. Mwalimu alitoka Kindu, mwembamba, amefunga tai katika joto lile, nikasema huyu atatuambia nini kuhusu njia yetu ya Kabambare.

Lakini alikuwa na akili yule mtu, lazima niseme. Hakuanza na mashine. Alimuuliza kila mmoja wetu: kazini kwako habari inatoka kwa nani, inapita kwa nani, na ikikufikia unaamua nini? Mwenye duka la dawa akajibu, mwenye kinu cha mchele akajibu, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa ukaidi, kwangu inatoka kwenye msumari. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mchana alikuja depo, akasimama mbele ya mlango, akashika kipande kimoja kimoja, akaniuliza nani amefunga hiki na nani ameleta kile. Kisha akasema huu ni mfumo wa habari mzima, una watu, una desturi, una alama ambazo kila mtu anazielewa, umekosa umeme tu. Nikamwambia patro anatuletea ekra, kioo kama cha televisheni, itakayoonyesha kila motari. Akaniuliza ekra hiyo itajibu swali gani.

"Mutu iko wapi," nikamjibu.

"Hapana, mama. Itajibu simu iko wapi. Mashine inajibu swali uliloiuliza, haijui lile ulilokuwa nalo rohoni."

Nilimwona anapasua nywele, anatafuta tofauti isiyokuwapo. Simu ya nani inatembea bila mwenyewe?

Fundi wa patro akaja na sanduku. Kila motari akapewa simu ya kuvaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, na ekra bapa ikafungwa ukutani, ikitazamana na mlango wenye msumari. Patro naye alikuwa na picha ileile mkononi kule Bukavu. Kila simu ilikuwa nukta ya duara. Ikitembea ni kijani, ikifika depo au mwisho wa safari ni kijani. Ikisimama njiani inakuwa nyekundu. Ikipotelewa na rezo inageuka rangi ya majivu, halafu inaruka mbele inapoipata tena.

Sitaficha, nilifurahi. Depo ilijaa watu kama siku ya mpira. Mama za wamotari walikuja kuwaona watoto wao wakipita Wamaza. Mama yangu mimi alikuja na fimbo yake, nikamwonyesha nukta ya mwanawe, akaweka kidole juu ya kioo na kumbariki kwa Kizimba, lugha yetu. Fundi akalalamika kwamba kioo kinachafuka. Nikamwambia achafuke yeye roho yake, amwache mama.

Furaha ile haikukaa. Patro alikuwa akiona wekundu tu, simu inalia. Kwa nini huyu amesimama pale mtoni? Kwa nini yule amesimama Wamaza? Nilimweleza kwamba mtu akivuka lazima angoje mwenzake anayerudi, ampe fundo. Akasema fundo la nini tena, wakati anamwona mwenyewe? Akatoa amri: nje ya kula na kutia mafuta, hakuna kusimama. Wamotari wakaibatiza ile simu jina, wakaiita jicho. Wakaacha kungojeana. Wakawa wanashuka kwenye mtumbwi wa kuvushia injini ikiwaka tayari, wanapishana kwa kuinua mkono. Msumari wangu ukabaki mtupu. Kipande cha mwisho kilikauka kikaanguka chenyewe, nikakiokota, nikakirudisha, sijui kwa nini. Mahali pale pakiwa patupu palikuwa panaudhi macho.

Sasa nitakwambia jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili wewe usizunguke kama nilivyozunguka mimi. Wamotari walikuwa wanapeana simu. Kwetu mtu hapiti kwenye msiba na pikipiki inanguruma, kana kwamba hajui kuna aliyekufa. Hapiti kwa wakwe bila kushuka. Hata ukiwa na haraka, unakaa kidogo, unatoa pole, unakunywa maji, ndipo unaondoka. Patro alikuwa amewakataza hayo bila kujua amekataza nini. Basi motari akitaka kuingia kwenye matanga, alivua simu shingoni na kumkabidhi mwenzake aendelee nayo, atamkuta mbele. Nukta inatembea, kijani, patro analala usingizi. Ulikuwa upendo, haukuwa wizi. Walikuwa na sheria yao: simu ya mwenzio ikilia usiipokee, sauti itakusaliti. Ikilia sana, andika neno fupi kwamba uko salama.

Mimi kwenye ekra nilikuwa naona nukta mbili zimebebana, zinakwenda pamoja kama mapacha, nikasema afadhali, watoto wanaongozana.

Kisha kiangazi kikaingia, na maneno yakaanza kutoka upande wa Lusangi, ng'ambo ya mto. Hayakuwa maneno ya kushika. Wanawake waliokuwa wanatuletea muhogo waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeaga. Waliokuja waliuza haraka wakaondoka na jua likiwa juu, hawakukaa kupiga domo. Mmoja nilimuuliza njia iko namna gani. Aliangalia ekra, akaniangalia mimi, akasema, si wewe unaona kila kitu? Sikupenda jibu lile hata kidogo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yale yalikuwa yanatembea kwa miguu mbele yangu.

Nikampigia patro. Nikamwambia tusitume watu kwanza, tungoje njia iseme. Akasema njia anaiona yote pale mkononi mwake, pikipiki zinapita kijani mwanzo mpaka mwisho, mimi naogopa nini? Nikamwambia naogopa kile ambacho hakina nukta. Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka dada yake, akasema mzigo wa Salamabila uondoke. Nilipokata simu nilisema kwa sauti, wapakizi wakasikia: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Asubuhi ile walioondoka, kila mmoja na pikipiki yake, ni mudogo wangu na rafiki yake, jitu moja refu na pana ambalo lilibatizwa naye siku moja, wakawa kama wametoka tumbo moja. Mudogo wangu alikuwa amevaa shati safi. Nani anavaa shati safi kwa vumbi lile? Nikamzunguka, nikaona kikwembe kipya, kitenge cha kike, kimekunjwa vizuri chini ya mishipi ya mpira. Nikauliza ni cha nani. Akasema ni cha biashara, yaya. Biashara! Kulikuwa na msichana upande wa Lusangi, binti wa wakulima, wazazi wake walikuwa wamekwisha kumpokea mudogo wangu kwa maneno, na kikwembe kile kilikuwa cha mama mkwe.

"Usikate kuingia njia ya Lusangi," nikamwambia. "Piga moja kwa moja, kikwembe kitangoja."

Akaigonga ile simu iliyoning'inia kifuani mwake. "Utaniona kwenye ekra, yaya. Hata nikikohoa utaniona."

Nilitaka kumtukana kidogo, kama kawaida yetu, lakini lile jitu lilikuwa limekwisha kuwasha pikipiki.

Nilikaa mbele ya ekra kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Nukta zao zikapita Wamaza. Zikafika mtoni, zikageuka majivu. Nikatoka nje, nikarudi. Zikatokea ng'ambo, kijani, zimebebana. Hazikukata njia ya Lusangi. Zilinyooka zote mbili mpaka Salamabila, zikatulia pale. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamtuma mtu kwa mama amwambie mtoto amefika. Patro naye akapiga kunipongeza, akaniuliza kama bado naogopa.

Kesho yake, jua likianza kupanda, mjumbe wa katekista wa upande wa Lusangi akaingia depo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Watu wenye silaha walikuwa wametoka msituni, wamekamata watu kwenye njia ya Lusangi na kuwabebesha mizigo. Katekista na wazee wawili, ambao baadhi ya vijana wale wenye silaha walizaliwa mbele ya macho yao, walikuwa wanajiandaa kuwafuata na kuwaombea watu. Lakini walihitaji majina. Mjumbe akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Watu wale hawaachii kundi. Wanamwachia mtu aliyetajwa, ambaye inajulikana kwamba kuna nyumba inamuulizia. Asiye na wa kumtaja ni mali ya aliyemwokota. Kwa hiyo alikuwa anapita kila nyumba na kila depo akiuliza: kuna mtu wenu hayuko?

Macho yetu yote yakaenda ukutani. Nukta ya mudogo wangu ilikuwa Salamabila, kijani, karibu na ya rafiki yake.

Nikasema ngoja kwanza nisikie sauti. Nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikalia. Kwenye ekra nukta ikasogea kidogo, kama mtu aliyeinuka kwenda uani, na simu bado inalia sikioni mwangu, na hakuna anayeitika. Nikamwambia mjumbe hapana, hii si kawaida yake. Ndipo ujumbe ukaingia kutoka namba yake: Niko muzuri dada. Kazi nyingi.

Mjumbe akausoma pamoja nami. Akapumua.

"Basi, wako iko," akasema. "Acha nikimbilie wale ambao hawaonekani."

Akaondoka na majina ya watu wengine.

Mimi nilibaki na lile neno dada. Tangu alipojua kusema, mudogo wangu ananiita yaya. Nilimpigia patro nikamwambia. Akaniambia kwa upole kwamba vijana siku hizi wanaandika namna yoyote, kwamba anamwona pale, na tafadhali nisiliingize jina la depo katika mambo ya msitu. Nilikaa juu ya gunia la karanga, nasoma ule ujumbe tena na tena.

Asubuhi iliyofuata nukta zote mbili zilianza kurudi. Niliziona zinavuka mto, zinapita Wamaza, zinakuja. Nikawaambia wapakizi mumeona, nilikuwa najisumbua bure, na nikaenda kusimama kando ya barabara kumpokea. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumkaripia kwa kutopokea simu. Nikasikia injini. Ilikuwa injini moja. Lile jitu likashuka, linatabasamu, na shingoni mwake kulikuwa na mifuko miwili ya plastiki.

"Mudogo wangu iko wapi?"

Akatazama nyuma yangu, ndani ya depo, kama anayemtafuta. Tabasamu lake lilikuwa bado halijaondoka. "Haiko hapa? Alinipa simu pale mutoni, dada. Alisema anasalimia wakwe, atanikuta Salamabila. Hakufika, nikasema basi, amerudi Kasongo."

Nikamuuliza ule ujumbe nani aliandika. Akasema ni yeye. Nilivua kandambili nikampiga nayo usoni, mabegani, popote, na mtu yule ambaye angeweza kuniinua kwa mkono mmoja alisimama tu akapigwa, halafu akakaa chini kwenye vumbi akalia. Watu walikuja kunishika. Nilikuwa napiga kelele kwamba nukta ilikuwa kijani, nukta ilikuwa kijani, na hakuna aliyejua nasema nini.

Tuliwakimbiza watu wawili wamfuate katekista. Walikutana naye njiani, anarudi. Alikuwa na wale aliowataja, wote, wamechoka na wamechubuka mabega, lakini wazima. Mudogo wangu hakuwa kati yao, kwa sababu hakuna aliyemtaja. Mwanamke mmoja katika wale waliorudi alikuja kwangu baadaye, akanishika mikono, akanieleza. Kijana wa mkono wa kushoto mwenye shati lililokuwa safi walikuwa naye. Aliwasaidia wenye mizigo mizito. Wazee walipofika na kuanza kutaja majina, kila aliyesikia lake alikuwa anasimama. Yeye alisimama tangu mwanzo, akangoja. Majina yakaisha. Akauliza kwa adabu kama wamemaliza. Wakamwambia wamemaliza, naye akakaa. Waliobaki walichukuliwa mbele, ndani ya msitu, na katekista hakujua hata kwamba kuna motari wa depo amebaki pale.

Nilikwenda mpaka mtoni na lile jitu likiniendesha. Sikuwa nasema naye, lakini sikuwa na mwingine. Mzee anayevusha watu alinitazama uso, akajua mimi ni nani. Aliingia kwenye kibanda chake akatoka na kipande cha mpira. Mafundo mawili, yamegeuka upande. Siku ileile ya safari, mudogo wangu alipokuwa amekwisha kuikata njia ya Lusangi, alikutana na mwanamke anakimbia na mtoto mgongoni, akamwambia kuna hatari mbele. Akakata mshipi wa mzigo wake, akafunga, akampa mwanamke yule ampelekee mvushaji, motari yeyote auchukue mpaka Kasongo. Yeye hakurudi naye. Msichana wake alikuwa mbele, akaenda kumtoa. Hakujua kwamba nyumba nzima ya wakwe ilikuwa imekwisha kukimbilia upande mwingine.

"Niliwaita kutoka hapa kibandani, mutumbwi wanasukuma vijana wangu," mvushaji akaniambia. "Kila aliyepita kwenda Kasongo nilimuita. Walinionyesha ile kitu ya shingoni, wakasema, baba, jicho linatuona. Nani angesimama?"

Mjumbe alipoingia kwangu kuuliza kama kuna mtu wetu hayuko, jibu lilikuwa limening'inia kwenye mwanzi wa kibanda kile tangu jana yake.

Patro alilia kwenye simu, nilimsikia. Akaondoa ile amri ya kutosimama, na siku hizi msumari wangu una mafundo tena. Ila alisema neno moja ambalo sijalisamehe, kwamba mashine haikudanganya, ilionyesha simu ilipokuwa. Ni kweli. Ndivyo alivyoniambia yule mwalimu mwenye tai, naye nilimwona anapasua nywele. Siku hiyo nilimjibu patro maneno ambayo mtu hamwambii anayemlipa, na nilingoja anifukuze, hakunifukuza.

Simu ya mudogo wangu ilibaki kwangu. Niliichomeka kwenye umeme wa paneli ya jua pale depo, juu ya meza, na ikawa hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kwenye ekra nukta yake ilikuwa Kasongo, kijani, imefika. Mama alikuwa akija baada ya misa, anaweka kidole palepale, anabariki, anaenda zake. Yule msichana wa Lusangi naye alikuja, akakaa nami, tukaiangalia nukta. Patro alituma neno mara moja kwamba simu ile apewe motari mwingine. Niliiacha mezani. Betri ikishuka nilikuwa naingiwa na woga wa kweli, nakimbia kufuta vumbi kwenye paneli.

Kisha katekista akaja mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba watu wale wamesogea karibu tena, na kwamba wako wabebaji walio hai kati yao. Hakujua ni akina nani, hakuniahidi kitu. Alikuwa anakwenda, na alitaka majina. Alikaa kwenye kiti akiwa na kofia magotini, mgongo wake umeelekea ukuta, na nyuma ya kichwa chake nukta ile inawaka kijani. Nikaitazama. Nitasemaje amepotea, na pale ukutani amefika nyumbani, mama yangu anambariki?

Nikainuka nikachomoa ule waya. Nikaizima simu, nikaishika mkononi, nikaangalia ekra. Nukta ilikaa kijani kidogo, kama imesahau. Kisha ikawa majivu.

"Wangu hayuko," nikamwambia. Nikamtajia jina lake lote, la ubatizo, na la babu, na lile ambalo mama anamwitia akiwa na hasira, na nikamwomba alirudie mbele yangu nisikie.